Mguu wa Kulia

Kiswahili hakina uchoyo na mguu. Kinaanzia nyongani, kinateremka pajani, gotini, kwenye ugoko, kwenye kifundo, mpaka kwenye kucha za vidole, na kote huko kinasema mguu, basi. Anayetaka zaidi ataonyesha kwa kidole. Tumeishi hivyo tangu zamani na hakuna aliyepotea njia kati ya goti na kisigino. Lakini wapo watu duniani walioukata mguu vipande viwili kama wanaogawana urithi: upo mguu mrefu wenye jina lake, na kipo kile kipande cha chini kinachoingia kiatuni, nacho kina jina lake. Kwa watu hao ndiko Kiraka alikoishi miaka kumi na minne, na miaka yote hiyo alikuwa na jina moja tu la mguu.

Msimcheke haraka. Lugha yao hakufundishwa darasani. Aliiokota kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kutoka kwa makocha waliokuwa wakimfokea: mguu wa kushoto! inua mguu! tumia mguu, wewe! Na kila walipofoka hivyo walikuwa na maana ya ule wa ndani ya kiatu, kwa sababu ndio unaopiga mpira. Neno la pili nalo alilijua, ila alilijua buchani, limebandikwa kwenye pakiti za kuku. Akahitimisha kwa akili zake timamu kwamba binadamu ana neno lake na kuku ana lake. Kwa mtu asiyekuwa na wa kumsahihisha, hiyo si hesabu mbaya.

Jina la Kiraka lilitoka uwanjani. Alikuja akiwa winga, wakamfanya beki wa kushoto. Beki mwenyewe, aliyekuwa majeruhi, alipopona wakamsogeza kiungo, na siku moja golikipa alipolimwa kadi nyekundu wakamvisha glovu na kumwambia akae golini. Mchezaji anayezibia kila penye tundu huitwa kiraka, na sifa hiyo ni tamu masikioni mpaka msimu unapokwisha, kocha anapohesabu watu wenye namba zao, nawe namba yako haijulikani. Misimu miwili tu, wakamwacha. Bahati yake klabu ilikuwa na mazoea ya kuleta vijana kutoka kwao, vijana wanaofika hawajui hata salamu, kwa hiyo ikambakiza awe mkalimani. Na kwa kuwa mkalimani hawezi kukaa kutwa amekunja mikono, wakampa na jezi afue.

Kazi yake ilikuwa chini ya jukwaa, kwenye chumba kirefu kisicho na dirisha, chenye mashine tatu za kufulia, moja ikiwa mbovu tangu hajapata mvi. Kamba za kuanikia zilipita kutoka ukuta hadi ukuta, na soksi za watu ishirini na watano zilining'inia juu ya kichwa chake msimu mzima. Kwenye kona alikaa fundi wa jezi, mama mtu mzima mwenyeji wa pale, kazi yake kushona namba na kuziba michaniko. Kiraka alimwita Mama Sindano, naye aliitika bila kujua maana yake. Nyumbani, mama yake Kiraka aliwaambia majirani, "Mwanangu bado yupo na timu," na Kiraka hakuona uongo wowote wa kusahihisha hapo. Alikuwa na mke huko nyumbani na watoto wawili. Kibali chake cha kuishi kiliandikwa kazi moja tu, ukalimani, kwa sababu wa kufua jezi wapo tele.

Ndipo akaja Chuma.

Chuma alikuwa mshambuliaji wa miaka ishirini na mmoja, mrefu, mkimya, mwenye heshima za kukupokea mzigo hata kama ni mfuko wa soksi chafu. Jina alipewa kwao tangu utotoni kwa kuwa hakuwahi kulia akianguka. Alifika na begi moja na jaketi la kuazima, akatetemeka wiki mbili, halafu akaanza kufunga. Alifunga kwa kichwa, akafunga kwa kisigino, siku moja akafunga kwa mgongo, na mashabiki wakajifunza kulitamka jina lake wakilivunja katikati. Mwenye duka la mikate akawa hataki tena kumwacha apange foleni. Kwao mama yake aliezekewa nyumba upya, na dada yake akarudi chuo cha uuguzi alikokuwa ameacha. Mama akipiga simu ilibidi Chuma aiweke mbali na sikio, maana alikuwa anapiga vigelegele kabla hata ya kuulizana hali.

"Huyo kaka yako yupo hapo?" mama aliuliza kila mara.

"Yupo, mama, anakusikia."

"Baba, nishikie mwanangu! Huyo hana mdomo, wewe ndiye mdomo wake!"

"Usiwe na shaka, mama," Kiraka alijibu, na moyo wake ulijaa kwelikweli. Si kila siku mtu alimwona wa maana.

Wiki sita kabla ya hayo tunayoyaendea, Chuma alishuka chumba cha kufulia asubuhi akichechemea.

"Kaka, mguu unaniuma."

"Upi?"

"Wa kulia. Huku chini, kwa ndani. Nikikimbia ndio unawaka, nikitulia unapoa."

Kiraka alikuwa ameinama ndani ya mashine, anachomoa bukta zilizojiviringisha kama chango. Hakugeuka. Alikausha mikono, akachukua fomu ya majeruhi ambayo ni yeye aliyewajazia vijana wa kwao, akaandika kwa lugha ya wenyewe: mguu wa kulia, chini, upande wa ndani. Mguu akauandika kwa lile neno lake moja, la ndani ya kiatu. Angegeuza shingo tu angeona mkono wa Chuma umeshika ugoko, shibiri nzima juu ya kiatu. Lakini bukta zilikuwa zinahitajika saa nane.

Daktari wa klabu alikuwa mwanamke makini, na kliniki yake ilikuwa mtaa wa pili. Siku ya kupima, kocha alikataa mkalimani aende, jezi zitafuliwa na nani, kwa hiyo Kiraka alitafsiri kwa simu, ameibana kati ya bega na sikio huku mashine zikinguruma. Daktari alisoma fomu, akamlaza Chuma, akambonyeza unyayo.

"Muulize, hapa panauma?"

"Hapo panauma?"

"Hapo hapaumi, kaka."

"Na hapa?"

"Hapo pia hapaumi."

Wakampiga picha ya unyayo, wakampiga na ya vidole. Picha ikatoka safi. Daktari akaandika alichokiona, na alichokiona kilikuwa kweli: mguu huu hauna kitu. Kocha akasoma, akatikisa kichwa, akamwita Kiraka.

"Mwambie maumivu yamo kichwani tu. Wote wanapata hivyo mwaka wa kwanza. Wanakumbuka kwao."

Kiraka alimfikishia na kumwongezea za kwake, maana mkalimani naye ana mdomo. "Mdogo wangu, hapa hawataki mtu wa kulalamika. Mimi nilicheza mwezi mzima kidole kimevunjika. Kaza buti."

Chuma akakaza. Alijifunga bandeji, akaweka barafu, akawa anashuka ngazi kwa upande, na Jumamosi zote alicheza.

Hapo kwenye kukaza buti pana kisa chake, na nikikiruka hamtaelewa kwa nini Kiraka baadaye alifanya alichofanya. Katibu wa klabu, mtu wa suti nyembamba na viatu visivyokanyaga matope, alikuwa amegundua kwamba simu yake inaweza kutafsiri. Akashuka nayo siku moja mpaka uwanjani ili kuijaribu. Kiraka akamwambia Chuma neno lilelile, kaza buti, na simu ikamtafsiria kocha kwamba viatu vya kijana vimelegea. Kocha akaagiza kamba mpya za viatu. Wachezaji walicheka wiki nzima, na Kiraka alicheka kuliko wote kwa sababu ni kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Katibu hakucheka. Aliirudisha simu mfukoni na kusema, "Hii inajifunza kila siku. Ikishajua, hatutakuwa na haja ya kulipa mtu." Tangu siku hiyo Kiraka alipofanya kazi yake alijipima na ile simu, na aliogopa kukosea kama mwizi anavyoogopa mbwa.

Sasa njooni Alhamisi. Kulikuwa na mechi Jumamosi, na habari ilikuwa imeenea kwamba klabu kubwa, ya ligi ya juu, inamtuma msaka vipaji wake aje kumtazama Chuma. Kiraka alikuwa anasukuma kigari cha jezi zilizolowa, akajigonga ugoko kwenye chuma cha kuanikia. Maumivu ya ugoko mnayajua, hayana adabu. Aliruka kwa mguu mmoja huku akipiga kelele kwa lugha ya wenyewe, "Mguu wangu! Mguu wangu!"

Mama Sindano aliacha cherehani, akaja haraka kwa uzee wake, akapiga magoti na kuanza kumvua kiatu.

"Siyo huko," Kiraka alisema, akishika ugoko. "Hapa!"

"Sasa mbona unasema mguu?" Mama Sindano akamtajia neno la pili, lile la pakiti za kuku. "Huku juu ni hivi. Mguu ni huu wa kwenye kiatu."

"Hilo si la kuku?"

Yule mama alikaa kitako sakafuni, akacheka mpaka akavua miwani na kujifuta machozi kwa jezi namba nne. "Miaka yote hii," alisema, "nilidhani una vidole vibovu! Kila baridi ikija, mguu, mguu, nami nakununulia soksi!"

Kiraka naye akaanza kucheka. Alicheka kidogo tu, halafu kicheko kikamkauka mdomoni. Aliiona fomu. Aliliona neno lake limekaa pale kwa mwandiko wake mzuri, na pembeni yake maneno ya Chuma: huku chini, kwa ndani. Chini ya nini? Hakuwahi kumuuliza. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na yeye ulimi wake ulikuwa umejikwaa wiki sita zilizopita, na aliyekuwa anachechemea ni mtoto wa mwenzie.

Alipanda ngazi mbilimbili. Chuma alikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, peke yake, mguu ameuweka ndani ya ndoo ya barafu, na barafu ilimfika gotini.

"Mdogo wangu, hebu nionyeshe panapouma."

Chuma akautoa mguu majini, akaweka kidole katikati ya ugoko. Palikuwa na uvimbe mdogo, mgumu, wa kama nusu ya limau.

"Na kule kwa daktari walikupima hapo?"

"Walinibonyezabonyeza unyayo, kaka. Hata mimi nilishangaa. Lakini nikasema, nani amfundishe daktari kazi? Labda wao wanaanzia chini wanapanda na mishipa." Akatabasamu. "Si walipiga picha? Picha haidanganyi. Ulisema mwenyewe ni kichwa changu. Na kweli, nikimfikiria mama ndio unauma zaidi."

Hapa ndipo palipokuwa pa kusema. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: niliandika neno sivyo, picha ilipigwa pasipo penyewe. Kiraka alifungua mdomo, na kabla sentensi haijatoka akamwona katibu na simu yake. Akaona kibali chake kimepigwa mhuri wa mwisho, akajiona anashuka kwenye ndege na begi, mama yake akiulizwa na majirani mbona kijana karudi. Miaka kumi na minne, halafu kosa la mtoto wa darasa la kwanza. Uso ulimwaka kwa aibu kabla hata ya kuaibishwa.

"Nadhani urudi ukapimwe tena," alisema. "Leo. Usicheze Jumamosi."

"Kaka!" Chuma alisimama kwa mguu mmoja, maji yakimchuruzika. "Jumamosi ndiyo yenyewe! Mama amewaambia watu wa mtaa mzima watazame kwenye simu. Nikisema naumwa leo, watasema yule mvivu kaanza tena. Niache nicheze hiyo moja tu. Baada ya hapo watanipima hata nywele."

"Uvimbe huu siupendi."

"Wewe ulicheza na kidole kilichovunjika."

"Kidole si mguu."

"Basi una jambo unalolijua?" Chuma alimtazama usoni, bila hila yoyote. "Kama kuna jambo niambie, kaka. Ukisema nisicheze, sichezi. Mimi hapa sina mwingine."

Na Kiraka akasema, "Hapana, hakuna jambo. Jumapili tutakwenda."

Niseme lililo kweli: alifurahi. Alipokuwa anashuka ngazi, kifua kilimpungua uzito kama mtu aliyeahirishiwa kesi. Alijiambia ni dakika tisini tu, alijiambia kijana mwenyewe ndiye aliyekataa, alijiambia na Jumapili si mbali. Mtu anayejidanganya hakosi mashahidi. Alifua jezi za Jumamosi mara mbili siku ile, ijapokuwa hazikuwa chafu.

Jumamosi jua lilitoka, jua lile la nchi za baridi linaloonyesha kila kitu na lisipashe chochote. Kiraka alikaa mwisho wa benchi na mfuko wa vifaa. Dakika ya thelathini na moja Chuma alipokea mpira mgongo kwa goli, akageuka na beki wake akageuka naye, halafu beki akajikuta amegeuka peke yake. Shuti la chini, kona ya mbali. Uwanja wote ulisimama. Chuma alikimbia moja kwa moja hadi benchini, akamruka kocha, akamkumbatia Kiraka na kumwinua juu na mfuko wake.

"Umeona, kaka! Mama ameona!"

Kiraka alinusa jasho na dawa ya kuchua. Jukwaani yule msaka vipaji, mtu wa kofia ya kijivu, alikuwa anaandika. Kwa dakika arobaini nzima Kiraka aliamini kwamba Mungu ameamua kumsitiri, na aliahidi mambo mengi: atasema Jumapili, atasema yote, atajifunza lugha upya kwa kitabu.

Dakika ya sabini na tatu hapakuwa na mtu karibu na Chuma. Ndilo lililowashangaza watu baadaye, hapakuwa na mtu. Alikuwa anageuka kumfuata beki, mguu wa kulia akaukita chini, na mlio ukasikika mpaka benchini, mlio mkavu, wa kuni inayovunjwa gotini. Chuma alikaa chini. Hakulia. Aliutazama mguu wake uliokuwa umepinda mahali ambapo mguu hauna kiungo, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Hii nini?"

Kiraka alifika wa kwanza. Alivua jaketi lake akaufunika ule mguu ili mwenyewe asiuone, akamshika kichwa, akawa anarudia, "Nipo, mdogo wangu, nipo, nipo." Yule wa kofia ya kijivu alifunga daftari lake, na dakika chache baadaye kiti chake kilikuwa kitupu.

Simu ya Chuma ilikuwa kwenye mfuko wa vifaa. Iliita njia nzima ya kwenda hospitali. Kiraka hakuipokea, maana ya kumwambia mama yule hakuyajua kwa lugha yoyote.

Walimfanyia upasuaji Jumapili. Jumanne saa nne asubuhi katibu alimwita Kiraka hospitali kwa kazi. Alimkuta kwenye korido na daktari, ameshika faili, na daktari alikuwa mwekundu usoni.

"Mfupa huu haukuvunjika Jumamosi," daktari alisema. "Ulikuwa na ufa wa wiki nyingi. Mtu mwenye ufa ule analala na maumivu, anaamka nayo. Fomu inasema mguu, nami nikapima mguu. Kwa nini hakusema ni huku juu? Nataka kujua kama alimwambia mtu."

"Ndiyo swali la leo," katibu alisema. Alikuwa mtulivu kabisa. "Kama aliripoti na sisi tukazembea, tutamtibu mpaka apone na mkataba unabaki. Kama alificha ili acheze, mkataba wenyewe unasema: mchezaji anayeficha jeraha amejivunjia. Atafunga mizigo akiweza kutembea." Akageuka kwa Kiraka. "Wewe ndiye unayejaza fomu zao. Uliza vizuri, ujibu vizuri. Na kama kuna aliyekosea kuandika, nitapenda kumjua pia."

Daktari alitazama sakafu. Hatua za kutoka pale hadi kitandani hazikuzidi kumi, na katika hatua hizo Kiraka alikuwa na majibu yote mawili mdomoni, na wallahi hakujua lipi litatoka.

Chuma alikuwa amekaa, mguu umening'inizwa kwa vyuma. Jina lake lilikuwa limegeuka mzaha na yeye ndiye aliyeanza kuutania. "Kaka, sasa ni chuma kweli! Wameniwekea vipande viwili ndani." Alikuwa amekonda kwa siku tatu tu. Kiraka akamkalia karibu, akamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, methali ambayo sijawahi kuisikia ikisemwa na koleo.

"Muulize," katibu alisema.

"Mdogo wangu, wanauliza hivi. Kabla ya Jumamosi, ulimwambia mtu yeyote kwamba unaumwa hapa?" Akaonyesha ugoko, kwa kidole, kama alivyopaswa kufanya tangu mwanzo.

Chuma alimshangaa. "Si nilikwambia wewe? Tangu siku ile ya kwanza, unafua. Halafu Alhamisi nikakuonyesha na uvimbe. Waambie, kaka. Waambie sikuficha. Waambie nilisema mapema kabisa."

"Anasema nini?" katibu aliuliza, kalamu ikiwa juu ya karatasi.

Kiraka akageuka. Sentensi ilitoka imenyooka, haina kigugumizi, na maneno yote mawili ya mguu yalikaa mahali pake, kama mtu aliyezaliwa pale.

"Anasema alitaja mguu wa kwenye kiatu tu. Huku juu hakumwambia mtu. Alitaka kucheza Jumamosi."

Daktari alipumua kwa nguvu, akamtazama Chuma kwa huruma iliyochanganyika na hasira, akatoka. Katibu aliandika mistari miwili, akaweka faili mapajani mwa mgonjwa, akaonyesha pa kutia sahihi. Chuma alimtazama Kiraka kwanza. Kiraka akatikisa kichwa kukubali. Chuma akatia sahihi, kwa mwandiko ule wa taratibu wa mtu aliyefundishwa kwamba sahihi ni heshima.

Katibu alipotoka, chumba kilibaki na sauti ya mashine moja tu, ya kuhesabu mapigo.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Yote?"

"Yote."

"Wamesemaje?"

"Wamesema watalishughulikia."

Chuma akafumba macho. Mwili wote ulimlegea kwa nafuu, na kwa mara ya kwanza tangu afike nchi ile chozi lilimtoka, moja, akaliacha lishuke. Akaupapasa mkono wa Kiraka juu ya shuka, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Bila wewe hapa ningekuwa bubu," alisema. "Mungu akulipe, kaka. Kwa kila ulichonifanyia, Mungu akulipe."

Dua ikisemwa huitikiwa, ndivyo tulivyolelewa. Kiraka aliitikia.

"Amina," akasema.